Bustani ya pamoja kijijini: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Kijiji chetu kiko tambarare, kusini mwa Moshi, kule ambako ukishaacha lami bado una safari ndefu ya vumbi. Asubuhi isiyo na mawingu Kibo tunauona wote, barafu yake inang'aa, lakini maji ya mlima yanapita mbali nasi. Bustani yetu ya pamoja ina kaya 32, na huu ni mwaka wa saba tangu tuanze upya baada ya ile ya kwanza kufa. Watu wa vijiji jirani, na wengine wa upande wa Arusha kule Longido na Monduli, hunipigia simu au hunisimamisha sokoni Mbuyuni wakiuliza mambo yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa, ili asiyenipata ayakute.

Bustani ya pamoja ina tofauti gani na shamba la kikundi?

Ni eneo moja lililozungushiwa uzio, lenye chanzo kimoja cha maji na kitalu kimoja cha miche, ambamo kila kaya ina tuta lake. Uzio ni wa wote, maji ni ya wote, tuta ni la mtu. Mkiniambia nifute yote niliyoandika nibakize sentensi moja, nitabakiza hiyo.

Shamba la kikundi mnalima pamoja, mnavuna pamoja, mnagawana. Yapo yanayokwenda vizuri, hasa ya zao la kuuza. Kwa mboga ya kula nimeona mengi yakifa, kwa sababu mboga haivunwi siku moja kama mahindi. Mchicha unachumwa leo kidogo, kesho kutwa kidogo, na kila mchumo unazaa maneno: fulani kachukua fungu kubwa, fulani hakumwagilia Jumanne, fulani katuma mtoto. Tuta likiwa la mtu, maneno hayo hayana pa kuanzia.

Wazee wetu wanasema huu ni ujamaa umerudi. Tuwajibu nini?

Wasikilizeni kwanza. Mzee aliyekuwa kijana miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, anakumbuka shamba la kijiji ambalo watu walipangiwa siku za kwenda kulima na mavuno yasionekane nyumbani. Anayeogopa jambo lililomuumiza si mkaidi.

Kwetu babu mmoja alisimama mkutanoni akauliza, "Mali ya wote ni mali ya nani? Jembe la kijiji lilikuwa halinolewi." Nilimwambia, "Shikamoo babu. Hapa jembe ni lako, tuta ni lako, na mboga yako hakuna atakayeipima. Tunakuomba siku moja ya kukata miti ya uzio, na zamu yako ya kusafisha kisima." Hakujibu kitu siku ile. Wiki iliyofuata alikuja na panga. Alipopewa tuta lake, kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kulizungushia mawe, jiwe kwa jiwe, mpaka akaridhika kwamba mpaka unaonekana. Ndipo akashika jembe. Mawe yale yapo mpaka leo, na tangu siku hiyo kila anayepewa tuta kwetu tunamwacha aliwekee alama mwenyewe.

Je, bustani itamaliza njaa kijijini?

Hapana, na anayewaahidi hivyo msimwamini. Shibe ya tambarare inatoka kwenye mahindi na maharage, na mpunga kwa walio ndani ya skimu ya umwagiliaji. Masika ikikosekana na mahindi yakanyauka, hakuna matuta ya mchicha yatakayoziba pengo hilo. Mtu anaweza kula kilo nzima ya mchicha na bado mwili ukakosa nguvu ya kushika jembe. Kwa wenzetu wafugaji ni hivyo hivyo: ukame wa mwaka 2009, ulioua mifugo mingi Longido, Monduli na Ngorongoro, usingezuiwa na bustani.

Lakini njaa si tumbo tupu peke yake. Mkutano wa dunia kuhusu chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 uliweka maana ambayo mimi naiona ni sahihi: chakula kiwepo, mtu aweze kukipata, mwili uweze kukitumia, na mambo hayo yasiyumbe mwaka mzima. Bustani inaingia hapo kwenye mwili na kwenye kutoyumba. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Wengi wao hawalali njaa. Wanakula ugali, wanashiba, na bado hawarefuki inavyotakiwa, kwa sababu sahani ina kitu kimoja tu, na kwa sababu ya maradhi na maji machafu pia. Mboga za majani zinawapa vitamini A, madini ya chuma na foleti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Ukiangalia sufuria za kwetu mwezi wa tisa, kabla ya bustani, kulikuwa na siku ambazo ugali uliliwa kwa chai.

Na hapa niseme jambo la jikoni. Pikeni mboga na mafuta kidogo, maana vitamini A ya majani haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Kamulieni limau au wekeni nyanya, inasaidia madini ya chuma kuingia. Chai isubiri, angalau saa moja baada ya kula, kwa sababu inayazuia madini hayo. Kina mama wa kwetu walikubali kuchimba, kubeba samadi na kumwagilia alfajiri. La chai ndilo lililotuchukua miaka miwili.

Maji tutayatoa wapi?

Hapa ndipo bustani nyingi hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kabla hamjanunua hata mbegu moja, pigeni hesabu hii. Kiangazi cha tambarare, na upepo wake, mita moja ya mraba ya mboga inataka kama lita 4 hadi 5 kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 linakula lita 40 hadi 50, yaani madumu mawili mpaka mawili na nusu ya lita 20. Kaya yenye matuta matatu itabeba madumu 6 mpaka 7 na nusu kila siku, Jumapili ikiwemo. Zidisheni kwa idadi ya kaya, kisha nendeni kisimani mkaone kama maji hayo yapo. Nendeni mwezi wa tisa. Kisima kilichopimwa mwezi wa tano, masika ikiwa bado ardhini, kinasema uongo.

Bustani yetu ya kwanza ilikufa kwa kosa hilo. Tulipima baada ya mvua, tukafurahi, tukagawa matuta matatu matatu kwa kila aliyetaka. Agosti ndoo ikaanza kurudi na tope. Tulikuwa tumepewa mashine ya kuvuta maji. Ikawa inakausha kisima kwa nusu saa, kisha inabaki inanguruma hewa tupu huku watu wamesimama na madumu yao. Kufika Oktoba kilichokuwa hai ni mpapai mmoja kando ya mahali pa kufulia.

Tulipoanza upya tulibadili mambo matatu. Kwanza, kiangazi kila kaya ina tuta moja tu. Matuta mengine yanafunguliwa mvua ikinyesha. Pili, tuliacha matuta ya kuinuliwa. Huku kwetu tuta linazamishwa: chimba sentimita 15 hadi 20 chini ya usawa wa ardhi, changanya udongo na samadi iliyoiva, sawazisha ndani, kingo zibaki juu. Maji yanatulia humo na upepo hauyafikii kirahisi. Tatu, matandazo. Majani makavu ya mgomba, mabua, nyasi zisizo na mbegu, chochote kitakachofunika udongo. Inua matandazo saa nane mchana uguse chini yake, kisha uguse udongo ulio wazi pembeni. Sina somo linalofundisha haraka kuliko hilo. Mama mmoja alipogusa alirudisha mkono akagusa tena, akaenda nyumbani kuleta mabua yote yaliyokuwa nyuma ya jiko.

Mwagilieni alfajiri au jioni, tena shinani. Sisi tunatumia kopo la rangi lililotobolewa matundu kwa msumari: unachota, unapita polepole juu ya mstari wa miche, kopo linaisha kabla maji hayajaanza kukimbia.

Kuna paa pia. Kila milimita moja ya mvua inayoanguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la darasa lenye mita za mraba 100, mahali panapopata milimita 500 kwa mwaka, linapokea lita 50,000; toa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki 40,000. Hizo zingemwagilia matuta kumi yale ya mita 10 kwa karibu miezi mitatu. Sasa angalieni tangi lililopo chini ya paa hilo: mara nyingi ni la lita 5,000, ambalo matuta hayo kumi yatalimaliza kwa siku kumi na moja hivi. Kwa hiyo kilio chetu si mvua, ni chombo cha kuihifadhia.

Mengine kwa kifupi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, hata kama udongo wa hapo unavutia. Mkitaka kuchepusha maji ya mto au kuyavuta kwa mashine, kibali kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde, na kwa upande wetu wa bonde la Pangani ofisi yake iko Moshi. Kisima cha kunywa kina wenyewe, yaani chombo cha watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kaeni nao mkubaliane saa za bustani, na watu wanywe kwanza. Maji ya kufulia yapeni mipapai na migomba, si mchicha.

Sisi tuko upande wa Meru na maji yetu yana floraidi. Mboga zitatudhuru?

Hatari kubwa ya floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, iko kwenye kikombe na kwenye sufuria, kuliko kwenye tuta. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na maeneo kama Ngarenanyuki yanajulikana kwa kuvuka hapo sana. Maji safi kidogo mliyonayo, yale ya mvua hasa, yawekeni kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto, hayo mengine yaende bustanini. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kilichopo Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi na machujio ya mkaa wa mifupa, waulizeni wao.

Udongo wetu una magadi. Kuna faida kujaribu?

Ipo, ila msiupe vitu visivyo vyake. Udongo wa magadi mnaujua: ukikauka unaweka unga mweupe juu na kuwa mgumu kama tofali, ukilowa unateleza na maji yanasimama. Upo sehemu nyingi za tambarare, Kahe na Arusha Chini. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kumwaga majivu "kurutubisha". Majivu yanaongeza ukali uleule. Wekeni samadi na mboji kwa wingi, msimu kwa msimu, na mkiweza kupata jasi, mwombeni afisa kilimo wa kata awaelekeze kiasi. Pandeni spinachi kwanza, inavumilia. Maharage yataumia.

Mkishindwa kabisa, tengenezeni udongo wenu juu ya ardhi: magunia ya viroba, au bustani ya tundu la ufunguo, ambayo ni duara la mawe la kipenyo cha mita 2 hivi, lenye kikapu cha takataka za jikoni katikati na kijia cha kukifikia. Ilienea sana Lesotho, na mtu mzima anaihudumia bila kuinama. Kwetu mama mwenye ulemavu wa mguu analima hivyo, na bibi wawili pia.

Kwa nini tusilime tu kihamba kama wenzetu wa juu?

Kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachagga mlimani, ni fahari yetu sote. Migomba, kahawa, magimbi, miti, ng'ombe zizini, na mifongo inayoleta maji: mpango huo uliwalisha watu vizazi kwa vizazi, na mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Lakini kihamba kimezaliwa na mvua ya mlimani. Ukishusha migomba tambarare bila maji yake, unashusha kazi tu.

Cha kuchukua ni akili yake. Ghorofa za mimea: mipapai na mbaazi juu, mboga kwenye kivuli chepesi chini. Samadi isipotee. Mbaazi hasa, pandeni pembezoni mwa bustani yote. Inavumilia ukame, inarutubisha udongo, inakinga upepo, na punje zake zinaingia kwenye sufuria.

Tupande nini kwanza? Tunataka nyanya.

Najua mnataka nyanya. Kila kikundi kinataka nyanya. Naomba msianze nayo.

Nyanya inahitaji maji mengi, miti ya kusimamishia, dawa, na tangu mwaka 2014 nchi yetu ina kantangaze, kile kiwavi kidogo kinachochimba ndani ya jani kikaingia mpaka kwenye tunda. Kikundi kilichoanza na nyanya kikapigwa na kantangaze msimu wa kwanza huwa hakina moyo wa msimu wa pili.

Anzeni na vinavyorudi haraka. Mchicha unachumwa wiki ya tatu au ya nne baada ya kusia. Majani ya kunde vivyo hivyo, na baadaye mnapata kunde zenyewe. Mnavu unachelewa kidogo, lakini ukiukata unachipua tena na tena. Wekeni sukuma wiki, loshuu, nyanya chungu, na kona moja ya matembele, ambayo hata haihitaji mbegu, unapanda marando ya viazi vitamu. Bibi zetu waliyajua majani haya kabla ya chainizi kufika. Mwaka wa pili, mkiwa mmeshajijua, jaribuni nyanya kwenye tuta moja la mafunzo.

Mbegu tununue wapi?

Duka linaloaminika, pakiti iliyofungwa yenye tarehe na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Kisha, pamoja na hayo yote, zijaribuni. Hesabu mbegu 20, ziweke kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani, funika, zilowanishe kila siku. Baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Chini ya 14, rudisha. Tuliwahi kununua mbegu za sukuma wiki zilizopimwa kwa kijiko kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa, kitalu kizima kikaota miche minne. Tulipoteza wiki tatu za vuli, na vuli ya kwetu ni fupi.

Baada ya msimu wa kwanza, mbegu za mboga za asili zihifadhini wenyewe. Mnavu ni rahisi: acha mashina bora matatu yaive mpaka matunda yawe meusi, yavunje ndani ya maji, mbegu zinazama na maganda yanaelea, chuja, kausha kivulini. Chupa kavu, majivu kidogo, kifuniko kimebana, jina na mwezi juu yake. Mbegu za chotara msizihifadhi, kizazi cha pili hakifanani na mama yake. Kwa anayefika Arusha, karibu na Tengeru kuna neema ambayo watu wengi wanaipita bila kuijua: TARI Tengeru, watafiti wa kilimo wa serikali wanaoshughulika na mboga na matunda, na pale Duluti kituo cha World Vegetable Center chenye hazina ya mbegu za mboga za asili za Afrika.

Mbuzi je?

Usiku mmoja wa Februari mlango wetu ulifungwa kwa waya mmoja tu. Alfajiri tulikuta mbuzi kumi na mmoja ndani. Mbuzi hamalizi tuta moja akatulia. Anapita tuta kwa tuta akila vichwa vya miche. Mama mmoja alichuchumaa mbele ya mstari wake wa sukuma wiki, akawa anashika kila kisiki kwa vidole viwili, kimoja baada ya kingine, hasemi neno. Mwenye mbuzi alikuwa jirani yetu, na alilia kuliko sisi.

Kwa hiyo uzio kabla ya mbegu. Tulipanda minyaa kuzunguka, ndani yake tukaweka matawi ya migunga yenye miiba wakati minyaa inakua. Utomvu wa minyaa unaumiza macho vibaya, kwa hiyo anayekata avae kitu na watoto wakae mbali. Mlango una komeo na kufuli, funguo ni mbili, na daftari linaonyesha nani anazo.

Kwenye vijiji vya wafugaji uzio peke yake hautoshi. Kaeni na wenye mifugo, mkubaliane njia ya mifugo na mahali pa kunyweshea, kabla hamjaamua bustani ikae wapi. Bustani iliyoziba njia ya ng'ombe kwenda mlamboni haitadumu, na kwa haki haistahili kudumu. Ikikaa vizuri, mfugaji anakuwa mshirika wenu mkubwa: samadi yote iko kwake.

Ardhi tunaipataje ili baadaye tusinyang'anywe?

Kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inataka halmashauri ya kijiji ipate idhini ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kugawa ardhi ya kijiji. Kwa hiyo ombi lenu lipite kote kuwili, liingie kwenye muhtasari, mpate nakala yenye mhuri, na mipaka ipimwe mbele ya majirani. Kauli ya mwenyekiti peke yake, hata awe mtu mwema namna gani, inaondoka naye siku anapomaliza muda. Kama ni ardhi ya shule, kanisa au msikiti, andikeni muda wa matumizi; chini ya miaka mitano msikubali kuchimba visima.

Kazi yote inawaangukia kina mama. Mnafanyaje?

Swali hili huulizwa na kina mama wenyewe, kwa sauti ya chini. Mama tayari amebeba maji ya nyumbani na kuni. Bustani iliyopangwa vibaya inamwongezea madumu saba kichwani.

Tuliyofanya: bustani iwe karibu na maji kuliko karibu na barabara. Kazi za uzio, kuchimba na kusomba samadi kwa mkokoteni zimeandikwa majina ya kina baba, na asiyekuja analipa faini ileile kama yeyote. Na tuta linaandikwa kwa jina la anayelilima. Sheria ile ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Tuta la mita kumi nalo lifuate. Kuna mume alikuja kudai tuta la mkewe baada ya kuona linauza. Daftari lilifunguliwa mbele yake, akasoma jina, akaondoka.

Tunaweza kuuza?

Ndiyo, baada ya sufuria. Kanuni yetu ni kwamba mchumo wa kwanza wa wiki unaenda nyumbani, wa pili mtu afanye atakavyo. Nimeona kaya ikiuza mchicha wote kununua soda na sukari, na hiyo bustani haijailisha.

Msipange soko la mbali. Majani yakibebwa juu ya bodaboda kwa jua mpaka Moshi yanafika yamenyauka, na masika bei inaanguka kwa sababu kila mtu anayo. Uzeni hapo hapo: walimu, wahudumu wa zahanati, genge la kijiji, shule inayopikia watoto. Masika mboga ikizidi, zikausheni. Kunde na mnavu zikichemshwa dakika mbili tatu na kukaushwa kivulini au kwenye kaushio la jua, zinakaa mpaka kiangazi. Jua kali la moja kwa moja linaua vitamini A.

Tutafute mfadhili au mkopo?

Kwa bustani ya kula, msikope. Mboga unayokula haitoi fedha ya rejesho. Mkishakuwa na kikundi kilichosajiliwa kinachouza kweli kweli, ipo mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wake.

Na akija mfadhili akawauliza mnataka nini, semeni tangi.

Wadudu na dawa?

Vidukari kwenye sukuma wiki: maji ya sabuni, chini ya jani, jioni. Msirudie zao moja tuta moja misimu miwili. Mkilazimika kutumia kiuatilifu, kiwe kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na msome kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda isiingie bustanini kwenu kabisa. Mtoto hajui kusoma harufu.

Watu wakianza kuacha kuja, tufanye nini?

Wataacha, hasa Agosti. Wengi huweka kanuni kwamba tuta likilala wiki tatu anapewa mwingine. Sisi pia tuliiweka, na mara ya kwanza kuitumia tulikuwa tumeshasimama juu ya tuta lililokauka, jembe mkononi, mtu mpya yuko tayari, jirani mmoja alipouliza kama kuna aliyekwenda nyumbani kwa mwenye tuta. Hakuna aliyekwenda. Mwenyewe alikuwa Moshi mjini wodini, akimuuguza mtoto, wiki ya tatu.

Tulirekebisha kanuni jioni ile ile. Kabla tuta halijatolewa, watu wawili wanakwenda nyumbani kwa mwenyewe. Akiwa anauguza, anauguliwa au amefiwa, majirani wa kulia na kushoto wanamwagilia kwa zamu, na mboga yake inapelekwa kwake. Zamu hizo zinaandikwa kwenye daftari linaloning'inia ndani ya mlango wa bustani, kalamu imefungwa kwa kamba. Yule mama alirudi mwezi uliofuata, akakuta mnavu umefika magotini. Aliuchuma wote siku hiyo hiyo, akagawa mafungu mawili, moja kulia, moja kushoto.